Kizuia matangazo kikila hesabu: Plausible, Umami, Matomo, GoatCounter au logi za seva?

Mwezi wa saba mwaka jana, mama mmoja mwenye loji ndogo upande wa Iringa, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, alinipigia simu asubuhi ya baridi, sijamaliza hata chai. Tovuti yake ninaitunza mimi nikiwa hapa Mbeya. "Kamwene, mwanangu," akaanza, halafu moja kwa moja: "Hivi hicho kidude chako kinahesabu, au kinabahatisha?" Wiki ile fomu ya kuomba nafasi ilikuwa imeleta maombi matano kutoka Ujerumani. Majina matano, barua pepe tano. Dashibodi ya takwimu ikawa inasema kwamba wiki nzima waliofungua tovuti kutoka Ujerumani ni watu watatu.

Kidude chenyewe kilikuwa Plausible, huduma ya kuhesabu wageni wa tovuti. Nilimchagulia kwa sababu hakiweki kuki (kijifaili cha kumkumbuka mgeni kwenye kivinjari chake), hakimfuati mgeni kutoka tovuti moja hadi nyingine, na skripti yake, yaani kipande cha msimbo kinachoendeshwa na kivinjari cha mgeni, ni nyepesi, kama kilobaiti moja hivi. Nilikuwa nimemwambia kwa kujiamini kwamba hiki ni cha kistaarabu, wageni hawatakuwa na sababu ya kukikataa. Sikukosea kuhusu wageni. Nilikosea kuhusu vivinjari vyao.

Tangu siku ile nimejaribu vyombo kadhaa kwenye tovuti tatu ninazozitunza: ya loji, ya bei za mazao inayosomwa na wakulima na wachuuzi wa Uyole, Isyonje na Makambako, na blogu ya vijana wa chuo hapa Mbeya wanaoandika mambo ya kompyuta. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kuchagua, hasa kama wasomaji wake wanafanana na hawa.

Kwa nini chombo chema nacho hufungiwa

Kizuia matangazo hakina akili ya kupima nia. Kinafuata orodha. Orodha maarufu zaidi ya matangazo ni EasyList, na dada yake anayeshughulika na ufuatiliaji ni EasyPrivacy. Lengo la EasyPrivacy limeandikwa wazi: kuondoa aina zote za ufuatiliaji. Haijaandikwa "ufuatiliaji mbaya". Kwa hiyo domeini ya Plausible imo, ya takwimu za Cloudflare imo, faili za Matomo zimo, zimekaa safu moja na Google Analytics. Kizuia matangazo cha uBlock Origin huja na EasyPrivacy ikiwa imeshawashwa, na kivinjari cha Brave pia hutumia orodha hizo hizo bila mtumiaji kugusa chochote. Adblock Plus, ambayo kampuni yake iko Cologne huko huko Ujerumani, hutumia EasyList, lakini EasyPrivacy mpaka uiwashe mwenyewe. Kwa maana hiyo wageni wawili wanaweza kukwambia wote kwamba wana kizuia matangazo, mmoja akahesabiwa na mwingine asihesabiwe.

Kanuni za orodha ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza huangalia domeini: ombi lolote linalokwenda kwa mtoa huduma fulani likatwe. Ya pili huangalia jina la faili: ombi lolote la matomo.js au piwik.js likatwe, hata kama faili hiyo iko kwenye seva yako mwenyewe. Tofauti hii ishike vizuri, maana nusu ya uchaguzi wako inategemea hapo.

Ukitaka kuona kwa macho, weka uBlock Origin Lite kwenye Chrome ya kompyuta (uBlock Origin yenyewe Chrome haiikubali tena, Firefox bado inaikubali), fungua tovuti yako, bonyeza F12, angalia sehemu ya Console. Mstari mwekundu ulioandikwa ERR_BLOCKED_BY_CLIENT ndiyo kaburi la mgeni wako. Ukurasa umefunguka, picha za tembo zimetokea, bei amesoma, lakini kwenye hesabu hayupo.

Matundu matatu, na kizuizi ni moja tu

Nilipoanza kuchunguza nilidhani adui ni mmoja. Baada ya kulinganisha tovuti tatu niligundua kwamba hesabu huvuja kwenye matundu matatu tofauti, na chombo kinachoziba moja huacha mengine wazi.

Tundu la kwanza ni hilo la kizuizi. Kwa wageni wa loji ni kubwa, maana wanapanga safari wakiwa kwenye kompyuta zao Ulaya, wengi na Firefox au Brave. Kwa wakulima wa Isyonje ni dogo kuliko unavyodhani. Chrome ya simu ya Android haina viendelezi kabisa, na hiyo ndiyo wanayoitumia walio wengi. Wanaopotea hapo ni wenye Brave, wenye Firefox ya simu yenye uBlock Origin, na wale vijana walioweka DNS binafsi (huduma inayotafuta anwani ya kila domeini, na inayoweza kukataa baadhi) kwenye mipangilio ya simu, kitu kilichokuja na Android 9, ili matangazo yapungue kwenye michezo. DNS ya namna hiyo huangalia domeini tu. Njia iliyo ndani ya tovuti yako haiioni.

Tundu la pili ni mtandao wenyewe. Skripti za takwimu kwa kawaida hupakuliwa mwishoni, baada ya ukurasa. Mtu aliye Makete bondeni, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka, anaona bei ya gunia la viazi mviringo, anarudi WhatsApp. Skripti ilikuwa bado njiani. Wengine hutumia Opera Mini kuokoa bando. Kwenye hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupikwa kwanza kwenye seva za Opera, skripti zikipewa muda mfupi tu huko huko, halafu simu inaletewa matokeo yaliyokwisha kubanwa. Opera Mini pia ina kizuia matangazo chake ndani. Mtu wa namna hii huwezi kumtegemea kwenye chati yoyote ya skripti.

Tundu la tatu ndilo lililonishangaza. Vyombo visivyoweka kuki vinamtambuaje mtu mmoja na mwingine? Plausible huchukua anwani ya IP (namba ya mgeni kwenye intaneti), taarifa ya kivinjari, domeini ya tovuti na chumvi (herufi za kubahatisha) inayobadilishwa kila siku, inachanganya vyote kuwa alama moja, na chumvi ya jana inafutwa. Ni ubunifu mzuri. Lakini mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP ya kushirikiana. Na tangu mwaka 2023 Chrome ya Android hujitambulisha karibu kwa maneno yale yale kwa kila simu: "Linux, Android 10, K". Iwe Tecno, Infinix au Samsung, iwe Android 12 au 14, imeandikwa hivyo hivyo. Kilichobaki kutofautisha ni toleo la Chrome tu. Kwa hiyo wachuuzi wawili waliokaa benchi moja Mwanjelwa, wa mtandao mmoja wa simu, wanaweza kuhesabika kuwa mtu mmoja. Kwenye Wi-Fi ya chuo ni vivyo hivyo, darasa zima linaweza kugeuka watu wachache.

Na hapa pana kichekesho kidogo. Kinachoziba tundu la tatu ni kuki, yaani kitu kile kile ambacho vyombo hivi vimejivunia kukiacha.

Plausible moja kwa moja, na Plausible kupitia mlango wako

Njia ya kwanza ya loji ilikuwa ya kawaida: mstari mmoja wa skripti kutoka kwa mtoa huduma. Faida yake ni kwamba huhangaiki na chochote. Kampuni iko Estonia, data inakaa Umoja wa Ulaya, malipo ni ya kila mwezi kwa kadi, na kwa tovuti ndogo yanaanzia karibu dola 9. Hasara ni kwamba domeini yao inajulikana, inakatwa na orodha na inakatwa na DNS.

Njia ya pili, ambayo Plausible wenyewe wanaieleza kwenye maelekezo yao, ni proksi. Seva yako inapokea ombi la skripti kwenye njia iliyo chini ya domeini yako, inalichukua kwao, inalirudisha kwa mgeni kana kwamba ni faili yako. Matukio nayo yanapita njia hiyo hiyo. Kwa DNS, hakuna cha kukata, kwa sababu domeini ni ya loji. Kwa orodha, kanuni ya domeini haishiki. Inabaki kanuni ya jina, ndiyo maana wanashauri usiite njia yako "stats" wala "analytics" wala jina la chombo.

Niliweka kwa nginx, programu inayoendesha seva yetu, usiku mmoja. Kesho yake chati ikapanda, na mama akanipigia kwa furaha: "Wajerumani wametupenda!" Wageni wote, asilimia mia, walikuwa wanatoka Ujerumani. Na mimi ambaye nilifungua tovuti kutoka Soweto, Mbeya, nilikuwa Mjerumani. Seva yetu ya kukodi iko Ujerumani, na mimi nilisahau kupitisha kichwa cha X-Forwarded-For (mstari wa ombi unaobeba anwani ya mgeni), kwa hiyo Plausible ilikuwa inaona anwani ya seva badala ya anwani ya mgeni. Mstari mmoja wa proxy_set_header ukamaliza tatizo, na Wajerumani wakarudi kuwa wachache. Ukichagua proksi, jaribu kwanza kwa simu yako ukiwa na bando, halafu kwa Wi-Fi, uone kama nchi na idadi zinabadilika inavyotakiwa.

Wengine hupita njia ya mkato: kuelekeza domeini ndogo kwa mtoa huduma kwa kumbukumbu ya CNAME (kumbukumbu ya DNS inayosema jina hili ni lakabu ya jina lile). Usipoteze muda. uBlock Origin kwenye Firefox hufuatilia CNAME hadi mwisho wake, Brave hufanya hivyo pia, na AdGuard wana orodha maalumu ya ujanja huo.

Proksi iliyosahihishwa ilifanya kazi. Bado nimeiondoa. Nilipomweleza mama jinsi inavyofanya kazi, alinyamaza kidogo, akauliza: "Yaani mgeni amefunga mlango, wewe unapitia dirishani?" Nilijitetea kwamba hatuchukui jina lake, hatumfuati popote, tunahesabu tu. Akasema loji yake inaishi kwa watu kumwamini kabla hawajamwona. Kwa biashara ya namna yake, naona alikuwa sahihi. Kwa tovuti yako unaweza kuona tofauti, na sitakushangaa, maana kuhesabu kurasa bila kumtambua mtu si dhambi kubwa. Ila uamue ukijua kwamba aliyeweka uBlock Origin hakusema "msinifuatilie isipokuwa wale wema".

Mizani ya fomu

Badala ya proksi tulitafuta kiasi cha uvujaji, na hapa loji ina bahati ambayo blogu nyingi hazina: ina fomu. Fomu inatumwa kwenye seva, hakuna kizuizi kinachoigusa. Plausible nayo imewekewa tukio la "fomu imetumwa". Kila mwezi tunalinganisha maombi halisi na yale ambayo Plausible imeyaona. Seva ikiwa na maombi kumi na Plausible imeona sita, tunajua kwamba kati ya watu makini wa mwezi huo, sita kati ya kumi ndio wanaoonekana, na chati nyingine tunazisoma kwa jicho hilo. Uwiano huu usiuchukue kwa siku moja wala kwa maombi matatu. Na usiuhamishe kutoka nchi moja kwenda nyingine, maana wageni kutoka Dar es Salaam wanaoomba kwa simu wanaonekana karibu wote.

Kwa swali alilonalo mwenye loji, yaani je, tangazo la lugha ya Kijerumani linaleta watu, mizani hiyo inatosha na inabaki.

Umami na Matomo: vyote nyumbani kwako, ila si nyumba moja

Watu huviweka pamoja kwa sababu vyote viwili ni programu huria na unaweza kuvisimika mwenyewe. Kwenye kuzuiliwa vinatofautiana sana.

Matomo ni mkongwe. Ilianza mwaka 2007 ikiitwa Piwik, ikabadili jina mwaka 2018. Inaendeshwa kwa PHP na MySQL, maana yake hata ile hosti ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kuiendesha hosti) inaibeba, huhitaji VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe). Kwa fundi wa Mbeya ambaye mteja wake ameshalipia hosti ya mwaka mzima, hilo si jambo dogo. Ina ripoti nyingi kuliko unavyoweza kusoma, na inaweza kuwekwa bila kuki. Mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, imeiruhusu itumike bila kumwomba mgeni ridhaa iwapo imepangwa kwa masharti yao. Lakini ukongwe una bei: majina ya faili zake yanajulikana kila mahali. Hata ikiwa kwenye domeini yako, matomo.js na matomo.php vinakatwa kwa jina. Skripti yake pia ni nzito kuliko hizi nyingine zote ninazozilinganisha, jambo ambalo mtu wa Makete atalilipia kwa bando.

Umami ni changa, ilitoka mwaka 2020, inatumia Node.js na hifadhidata ya PostgreSQL. Kwa hiyo cPanel ya kawaida haitoshi, unahitaji VPS, na VPS ndogo ya Ulaya huanzia karibu euro 4 au 5 kwa mwezi. Ukiwa na tovuti kumi za wateja, gharama hiyo inagawanyika vizuri. Cha pekee ni kwamba inakuruhusu kubadilisha jina la skripti na njia ya kupokelea matukio kwa mipangilio miwili tu, TRACKER_SCRIPT_NAME na COLLECT_API_ENDPOINT. Bila kugusa msimbo, tundu la kwanza linakaribia kuzibika. Ni proksi iliyokuja na nyumba, na swali la mama wa Iringa linaihusu vile vile.

Mahali ambapo Matomo inashinda kila mtu ni tundu la tatu. Ukiacha kuki zake ziwake, wachuuzi wawili wa benchi moja wanakuwa wawili kweli, na anayerudi wiki ijayo anajulikana kuwa ni yule yule. Lakini ukifanya hivyo umeshaingia kwenye kumtambua mtu kwa muda mrefu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, uisome kwanza. Kwa tovuti ya bei za viazi sioni sababu ya kujitwika mzigo huo.

Skripti dhidi ya logi, kwa mkulima wa Isyonje

Hapa ndipo nilipobadilika mawazo kabisa.

Seva inaandika kila ombi kwenye logi, skripti iwepo isiwepo. Kizuia matangazo hakina la kufanya, kwa sababu bila ombi hilo hakuna ukurasa. Na hapa hujapitia dirishani: mgeni mwenyewe amebisha hodi, wewe umeandika kwamba mlango ulifunguliwa. Tundu la kwanza limezibwa, la pili limezibwa, hata wa Opera Mini yumo.

Ila logi ni kama gunia la lumbesa. Limejaa mpaka juu, na si vyote vilivyomo ni viazi. Kuna roboti za injini za utafutaji, kuna wadukuzi wanaogonga wp-login.php usiku kucha hata kama hutumii WordPress. Na kuna mistari hii, ambayo nilihangaika nayo wiki mbili:

"GET /bei/viazi-mviringo HTTP/2.0" 200 … "WhatsApp/2…"

Nilidhani ni wasomaji waliotoka WhatsApp. Siyo. Mtu anapobandika kiungo kwenye kundi, simu yake huenda kuchukua kichwa na picha ndogo ya ukurasa ili kutengeneza kile kijisanduku cha muhtasari. Huo ndio mstari unaouona. Anayegusa kiungo hufunguliwa na kivinjari chake, anakuja na jina la Chrome, na mara nyingi bila kusema ametoka wapi. Kwa hiyo mistari ya WhatsApp niiondoe kwenye hesabu ya wasomaji, lakini nisiitupe, kwa sababu inaniambia ni bei ya zao gani watu wameona inafaa kubandikwa kwenye kundi la wachuuzi. Hakuna skripti iliyowahi kuniambia hilo, maana simu inapotengeneza muhtasari haiendeshi skripti.

Wa Opera Mini nao wana utata wao. Anwani ya IP kwenye logi ni ya seva za Opera, kwa hiyo mkulima wa Rungwe anaweza kutokea Ulaya. Anwani yake ya kweli imo kwenye X-Forwarded-For, ukiipanga nginx iiandike.

Kusoma logi nilijaribu vyombo viwili. GoAccess ni mwepesi sana. Inakaa kwenye terminali, na kwa amri moja inatoa ripoti ya HTML:

goaccess access.log --log-format=COMBINED --ignore-crawlers -o ripoti.html

Hakuna hifadhidata, hakuna akaunti, hakuna malipo. Kwa kazi ya "nionyeshe wiki hii" sijaona cha kuishinda. Udhaifu wake ni kwamba mteja asiye fundi hawezi kucheza nayo, na mgeni wa pekee kwake ni IP, tarehe na kivinjari kwa pamoja, yaani tundu la tatu liko wazi kama mlango wa banda.

GoatCounter ni faili moja ya programu, hifadhidata yake ni SQLite, na kwenye VPS niliisimamisha maji ya chai yakiwa bado hayajachemka. Ukitaka, unaitumia kwa skripti kama nyingine, na kwa tovuti ndogo kuna huduma ya bure kwao inayoendeshwa kwa michango. Kwa njia hiyo domeini yao haiko salama na orodha za vizuizi. Kilichonivutia ni kwamba inasoma logi pia: amri yake ya import yenye -follow inakaa ikifuatilia faili ya logi na kuingiza kila ukurasa unaofunguliwa, na -exclude=static huacha picha na faili za mtindo. Mteja anapata dashibodi safi ya kuangalia kwenye simu, na tovuti haina hata baiti moja ya skripti. Hivyo ndivyo tovuti ya bei za mazao inavyohesabiwa leo. Kijana anayekusanya bei Uyole anaingia mwenyewe, anaona kwamba parachichi husomwa zaidi jioni na viazi alfajiri, kabla magari hayajapakia.

Kuna jambo moja ambalo nimemkataza kuliripoti kwa wadhamini: idadi ya "wageni". Tunasema kurasa zilizofunguliwa. Kwa simu zinazogawana anwani, namba ya wageni ni ya chini kuliko ukweli kwa kiasi ambacho hakuna kati ya vyombo hivi kinachoweza kukisema bila kuki.

Vijana wa chuo, na vingine vya kupita haraka

Blogu ya vijana ni kesi mbaya kuliko zote. Wasomaji wao wanajua kompyuta, kwa hiyo Brave na uBlock ziko kila mahali. Halafu wanasoma kwenye Wi-Fi ya pamoja. Tundu la kwanza na la tatu kwa wakati mmoja. Niliwashauri Umami kwenye VPS, zaidi kwa sababu kuisimika kutawafundisha PostgreSQL kuliko kwa sababu ya takwimu zenyewe, na jina la skripti wameliacha la kawaida kwa hiari yao. Mmoja wao aliniambia: "Kaka, mimi mwenyewe nimezuia, nitamkasirikia nani?"

Takwimu za Cloudflare ni za bure na zinafaa kama tovuti yako tayari inapita kwao, ila kuna mbili tofauti na watu huzichanganya. Ile ya skripti inakatwa na EasyPrivacy kama wengine. Ile inayohesabu maombi yanapopita kwenye seva zao haikatwi, lakini imejaa roboti kama logi yoyote. Na ukiwa nyuma ya Cloudflare, logi ya seva yako itaandika anwani zao badala ya za wageni mpaka uiambie nginx isome kichwa cha CF-Connecting-IP. AWStats, kisoma logi kilichomo ndani ya cPanel, itakupa picha ya jumla tu, roboti nyingi inaziona kuwa ni watu.

Google Analytics sijaiweka kwenye ulinganisho kwa makusudi. Inazuiliwa kuliko zote hizi, skripti yake ni nzito mara nyingi zaidi, na tangu Julai 2023 toleo la zamani walilolizoea wateja wangu liliacha kupokea data, na jipya hawakulipenda.

Kama bado hujaamua, usilipie chochote wiki hii. Ingia cPanel, sehemu ya Raw Access, weka tiki kwenye kuhifadhi logi, maana usipofanya hivyo zinafutwa. Kwa wiki tatu hivi acha skripti yoyote uliyonayo ifanye kazi kando yake, halafu chukua ukurasa mmoja tu unaosomwa sana na uhesabu pande zote mbili: logi ikiwa imeondolewa roboti na mistari ya WhatsApp, na skripti kama ilivyo. Pengo likiwa kubwa kwenye kompyuta na dogo kwenye simu, una tundu la kwanza, na chaguo lako liko kati ya Plausible yenye mizani ya fomu na Umami. Pengo likiwa kwenye simu, hasa Opera Mini, achana na skripti, nenda GoatCounter ya logi. Ikiwa kurasa zinalingana pande zote lakini idadi ya wageni ni ndogo hadi inachekesha, basi hakuna kilichozuiliwa. Wasomaji wako wamebanana kwenye anwani moja ya IP kama abiria wa Noah ya Tukuyu.